Nilivyoinyamazisha Mashine ya Chumba cha Redio

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, sufuria za kutosha kupikia msiba, na maneno mengi ya kunitaka nikapumzike. Nimepumzika. Mgongo bado unauma, na kila saa nane mchana masikio yangu yanatega mlio wa jenereta ambayo siku hizi hata haipo. Mmoja wenu aliniomba niandike habari za kazi, hasa za ile mashine ya kuchapa ambayo mifupa yake bado iko stoo. Nitaandika. Vyeo nitaviruka kwa sababu vilikuwa vichache, na mshahara mnaujua, maana nanyi mnaupokea.

Niliingia chumba cha redio mwaka wa sabini na nane, siku zile magari ya jeshi yalipokuwa yakipita kwenda mpakani na watu wa kwetu Ihanda wakifukia masanduku yao kwenye kibanja, katikati ya migomba. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule na kujua kusoma saa. Hospitali yetu ya misheni ilikuwa na redio moja ya kuongelea na zahanati zake, na mtu mmoja wa kuiendesha, Mzee Paskali. Siku ya kwanza hakunigusisha kitu. Alinipa kiti, akaniambia nisikilize mpaka jioni, kisha nimweleze nilichosikia. Nilisikia mikwaruzo tu, nikamwambia hivyo. Akasema nimeanza vizuri, kwa sababu msichana aliyenitangulia alidai amesikia kila kitu.

Mzee Paskali alikuwa na utaratibu wake. Kabla hujabonyeza kitufe cha kuongea, unageukia ukuta na kuuambia ujumbe wako kwa sauti. Halafu unapunguza. Unaondoa habari za mvua, unaondoa salamu za shangazi, unabakiza jina la mgonjwa, tatizo na kinachotakiwa. "Ukuta ukikuelewa, bonyeza," alikuwa akisema. Redio ilitumia betri ya gari, na betri ikiisha ilibebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa, kwa hiyo kila neno la ziada lilikuwa na mtu wa kulisukuma mlimani. Miaka mingi baadaye wageni waliona ninaongea na ukuta wakanihurumia.

Mzee Paskali alipostaafu nilibaki peke yangu na redio, na jirani yangu akawa Baba Nestori. Huyu ndiye aliyeendesha jenereta. Wazazi wake walikuja kutoka Rwanda zamani, yeye akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, na aliongea Kiswahili taratibu akiyapanga maneno yake vizuri. Banda la jenereta lilipakana na chumba changu, ukuta kwa ukuta. Jenereta iliwashwa saa nane mchana kwa ajili ya upasuaji na maabara, ikazimwa kazi zikiisha. Nani aliamua kazi zimekwisha? Nestori, kwa masikio. Alizunguka madirishani akisikiliza: chombo cha kuchemshia vifaa kinafoka, mashine ya maabara inavuma, basi kazi ipo. Vikinyamaza, anazima. Hakumuuliza mtu, na hakuna daktari aliyewahi kulalamika, kwa sababu miaka yote hiyo hakukosea hata mara moja.

Dizeli ndiyo iliyomfanya awe hivyo. Pipa lilikuwa moja kwa jenereta na kwa gari la wagonjwa. Kila saa aliyozima mapema ilikuwa safari ya gari kwenda Rugu au Nyakasimbi kumchukua mtu aliyezidiwa. Alilihesabu hilo kichwani kwake, na alikuwa mkali kwa yeyote aliyeacha taa ikiwaka bure. Hata mimi alinigombeza kwa ajili ya pasi.

Kisha ikaja miaka ya tisini na wakimbizi. Watu walivuka mto kwa maelfu, na nyuma yao yakaja mashirika na magari meupe, kila gari na antena yake. Sisemi walifanya vibaya, waliokoa watu. Lakini masafa yetu ya redio yalijaa. Kutwa nzima ulisikia mtu anaagiza maharage, mwingine mahema, wa tatu anamuuliza wa nne kama amekula. Upande wa Kyerwa, ambako wakati huo hakukuwa na wilaya ila barabara mbaya, tulikuwa na zahanati moja na mkunga mmoja, Kokushubira. Alikuwa rafiki yangu, tulijuana kwa sauti kabla ya kujuana kwa sura. Siku moja aliita asubuhi mpaka jioni kuomba gari, na sauti yake ikazama chini ya maharage na mahema. Nilimsikia alipokuwa ameshakata tamaa. Mama aliyekuwa anamwombea gari alikuwa amekwisha kufariki. Kokushubira hakunilaumu. Aliniambia tu, "Nilikuwa nakuita wewe," akazima.

Hapo ndipo wafadhili wa hospitali walipomleta Injinia Mbwana kutoka Dar es Salaam, kijana mpole aliyeogopa baridi yetu kuliko kitu kingine chochote. Mpango wake ulikuwa mzuri: ujumbe usafiri kwa redio kama maandishi, si kama sauti. Maandishi yana subira, yanajirudia yenyewe mpaka yapate upenyo. Kule kwa Kokushubira alifunga kisanduku kidogo chenye vibonyezo, kikitumia paneli ya jua. Huku kwetu alileta kompyuta, ya kuunganishwa na redio kwa kisanduku kingine kama hicho. Betri zetu za jua ziliweza kuiwasha kwa muda mfupi asubuhi na jioni, kupokea ujumbe. Kazi ndefu zilihitaji jenereta.

Na kazi ndefu ilikuwepo. Ndani kabisa ya kompyuta kuna programu inayoziongoza nyingine zote. Injinia aliiita kiini. Kiini tulichokuwa nacho hakikujua lugha ya kisanduku cha redio, hivyo ilibidi kijengwe kingine, humohumo ndani ya mashine, kutokana na maandishi yaliyokuja kwenye visahani, zile diski nyembamba za zamani. Ni mafaili mamia kwa mamia. Kila moja linasomwa, linageuzwa kuwa lugha ya mashine, kisha yote yanaunganishwa kuwa kitu kimoja. Ninyi leo mnafanya hivyo chai ikiwa bado ya moto. Ile yetu ilimaliza mchana mzima. Injinia alinifundisha majuma kadhaa, akanieleza kila hatua, kisha mkataba wake ukaisha kabla vifaa vyote havijafika. Aliondoka akiwa na huzuni na sweta mbili.

Alipoondoka tu, radi ikaunguza kioo cha kompyuta. Kompyuta yenyewe ilipona. Sikuwa na kioo kingine, ila stoo kulikuwa na mashine ya zamani ya kuchapa, iliyotoka kwenye ofisi fulani ya mjini iliyofungwa. Ina kibodi, na badala ya kioo inachapa kwenye karatasi ndefu inayojikunja. Niliiunganisha kwa waya kama Injinia alivyonionyesha, ikakubali. Kila kitu ambacho kompyuta ilitaka kusema, ile mashine ilikichapa: kra-kra-kra, mstari baada ya mstari, mpaka vikombe vinacheza mezani.

Majuma yale Nestori alikuwa na jambo lake. Binti yake Verediana, Vere tulivyomwita, aliolewa upande wa Kyerwa na alikuwa na mimba kubwa. Mtoto wake wa kwanza alitolewa kwa upasuaji hapa hapa kwetu, kwa hiyo wa pili naye alipaswa kuzaliwa hapa. Nestori alitaka aje mapema akae kwetu asubiri. Wakwe walisema kahawa imeiva na mikono ni michache, ataletwa juma lijalo. Kokushubira aliahidi kuita gari dalili yoyote ikionekana. Kuita kwa kitu gani? Kwa sauti isiyosikika?

"Mama Deo," Nestori aliniambia, akisimama mlangoni kwangu na kofia mkononi, "hiyo kazi ya kiini itaisha lini?"

"Shikamoo, Baba. Naanza kesho. Ikienda vizuri, kesho hiyo hiyo."

"Marahaba. Mimi mafuta nitakuwekea. Ila gari nalo liwe na yake."

Nilianza. Jenereta ikanguruma, nikatoa amri ya kujenga, na mashine ikaanza kuchapa. Sasa sikilizeni ugonjwa wenyewe. Kwa kila faili, kompyuta ilitangaza amri nzima inayoitekeleza: jina la programu, njia ya kila folda, vistari na herufi zisizo na mwisho, mistari mitatu minne ya maneno yaleyale, tofauti ikiwa jina moja tu pale mwisho. Na haikusonga mbele mpaka mashine ya kuchapa imalize mstari. Kompyuta ilikaa kusubiri karatasi. Jioni ilipofika karatasi ilikuwa imejaa sakafuni mpaka magotini, na kazi ikasimama kabla ya kufika mwisho. Kulikuwa na kosa, na kosa lilichapwa mapema kabisa, mstari mmoja, katikati ya lile furushi. Nililitafuta nimepiga magoti, nikipitisha rula mstari kwa mstari. Faili moja lilikuwa limenakiliwa vibaya kutoka kwenye kisahani. Karatasi zilizobaki manesi walizichukua wakafungia vidonge, na kwa miezi kadhaa wagonjwa wa Karagwe walikwenda nyumbani na dawa zao ndani ya kiini.

Siku ya pili nilikuwa nimechoka na kelele. Injinia alikuwa amenionyesha kwamba ukiongeza kistari na herufi s ndogo kwenye amri ya kujenga, mashine haitangazi tena kila inachofanya. Inabaki kusema makosa tu. Nilifurahi sana, nitasema ukweli. Niliona nimeondoa vyote viwili kwa mkupuo, ule upotevu wa muda na lile furushi linaloficha kosa. Nililinakili lile faili upya, nikatoa amri, na mashine ya kuchapa ikakaa kimya. Taa ndogo ya kompyuta ilimetameta, kazi inakwenda. Nikavuta kiti, nikaanza kupanga fomu za maabara. Kwa mara ya kwanza chumba kile kilikuwa na amani.

Amani hiyo ilikatwa na umeme. Taa zote zilizimika pamoja na jenereta. Nilitoka mbio nikamkuta Nestori anafunga mlango wa banda, uso umemng'aa.

"Pole na kazi, Mama Deo. Leo imemaliza mapema."

"Nini kimemaliza, Baba?"

"Mashine yako. Upasuaji wamemaliza, maabara wamemaliza, nikasikiliza kwako, kimya. Nimengoja, kimya. Nikasema haya, imekwisha. Nimezima mafuta yabaki ya gari la Vere."

"Ilikuwa bado inafanya kazi."

"Bila kusema?"

"Bila kusema."

Alinitazama kama nimemwambia ng'ombe ametaga yai. Kisha akaelewa, na ule mng'ao ukatoka usoni. Alirudi ndani akawasha tena, lakini kompyuta za wakati ule hazikupenda kukatiwa umeme ghafla. Ilipoamka ilitumia muda mrefu kujikagua, ikalalamika, na mafaili kadhaa yakaonekana yamekatika katikati. Sikuweza kujua lipi zima na lipi bovu. Niliyafuta yote ili nianze upya. Wakati huo giza lilikuwa linaingia, na daktari alikuja akasema dizeli ya jenereta ya siku hiyo imekwisha, iliyobaki ni ya gari. Alikuwa sahihi, hilo ndilo lililoniudhi.

Jioni ile nilikaa na chai nikiiwaza ile kazi. Ikipiga kelele haiishi, ikinyamaza inauawa. Hakuna kitabu chochote alichoniachia Injinia kilichosema habari za mtu anayeendesha jenereta kwa masikio. Nilichofanya hatimaye kilikuwa kidogo. Nilifungua faili la maelekezo ya kujenga, nikaacha ukimya palepale, ila mashine kila inapoingia kwenye folda mpya iandike jina la folda hiyo, neno moja, basi. Makosa yaendelee kuchapwa kama kawaida. Asubuhi nilimwita Nestori mlangoni.

"Leo utasikia kra moja fupi, halafu kimya. Kisha kra nyingine. Hiyo maana yake iko hai."

"Na kimya kikirefuka?"

"Uje uniulize kabla hujashika swichi."

"Nitakuja," alisema.

Alikuja kweli. Alikuja kila alipopata kisingizio, mara anaomba kiberiti, mara anauliza saa. Kra ikalia, akatikisa kichwa akaenda. Kimya. Kra nyingine. Nami kwa mara ya kwanza nilijua kazi imefika wapi: sasa iko kwenye diski, sasa iko kwenye mtandao, sasa, Mungu wangu, iko kwenye redio. Karatasi nzima ya siku ile ingeenea kwenye kanga moja. Jua lilipoanza kushuka mashine ilichapa neno la mwisho. Hakuna kosa. Niliwasha kompyuta upya na kiini kipya, nikakiunganisha kile kisanduku, nikagonga ukutani. Nestori akaingia bila kuvua kofia.

Hatukuwahi hata kutuma salamu za majaribio. Ujumbe ulikuwa hewani tayari, ukijirudia na kujirudia, ukingoja upande wetu uwe na masikio. Mashine ikauchapa: VERE. UCHUNGU TANGU JANA USIKU. MKONO WA MTOTO UMETANGULIA. LETENI GARI. KOKU. Kisha ukaja tena, maneno yaleyale. Nestori hakujua kusoma vizuri lakini jina lile alilisoma.

Gari liliondoka na mafuta yalitosha. Yalitosha kwenda na kurudi, na yalitosha kwa upasuaji, kwa sababu ya yale aliyoyabakiza jana yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeendesha jenereta binti yake akiwa mezani. Hakutaka mtu mwingine aishike. Vere alipona. Mtoto alikuwa wa kiume, na alikuwa amekwisha kufa kabla gari halijafika Kyerwa. Kokushubira alipanda gari akaja naye mpaka kwetu, akakaa chumbani mwangu na viatu vyenye matope, tukashindwa kuongea, sisi ambao tulizoea kuongea kutwa.

Baada ya hapo ule mfumo ulifanya kazi miaka mingi. Uliwaita akina mama wengi mno kwa wakati, na wengine mnawafahamu, wengine ni mama zenu. Nilijenga viini vingine mara nyingi, kila mara kwa neno moja la folda, na vijana waliokuja baadaye waliniuliza kwa nini sizimi kelele zote niwe na raha. Niliwajibu kwamba ni mazoea. Jibu refu sikuwa na nguvu nalo.

Jibu lenyewe ni hili. Tulipomaliza msiba, Nestori alirudi kazini, akaja chumbani kwangu kabla ya saa ya kuwasha. Miaka yote ile alikuwa hajawahi kukaa kwenye kiti changu cha wageni. Siku hiyo alikaa.

"Mama Deo. Siku ile niliyozima. Kazi ilikuwa imebakiza kidogo, au nyingi?"

Nilijua anachouliza. Kama ilibakiza nyingi, isingekwisha jioni ile hata asingezima, na mkono wake haumo katika kifo cha mjukuu wake. Kama ilibakiza kidogo, basi tungeupata ujumbe alfajiri, uchungu ukiwa bado mchanga. Nilitamani kumwambia nyingi. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini yule alikuwa mtu aliyeishi kwa kusikiliza, na angelisikia.

"Sijui, Baba," nilimwambia. "Nilikuwa nimeiamuru isiseme. Hakuna anayejua."

Alikaa akizitazama zile mashine, moja baada ya nyingine. Kisha akainuka, akavaa kofia, akaenda kuwasha jenereta, kwa kuwa kulikuwa na mgonjwa mezani anasubiri.